John Goodenough na Jini la Kobalti

Neno kobalti limetokana na jina la jini. Wachimba madini wa Ujerumani ya zamani walikuwa wakikuta jiwe linalofanana na lile lenye fedha, wanalitia motoni, na badala ya fedha wanapata moshi wenye sumu. Wakasema hiyo ni kazi ya Kobold, kijini cha mgodini kinachopenda kuwachezea watu shere. Karne ya 18 mkemia wa Sweden, Georg Brandt, akaonyesha kuwa ndani ya jiwe lile mna metali mpya. Jina la jini likabaki hivyo hivyo. Naanza na hilo kwa sababu sisi wapenda fasihi tuna tabia ya kuikimbia kemia, na mtu ninayetaka tumjadili leo anatuhusu kuliko tunavyodhani.

Mtu huyo ni John Goodenough. Ukilifasiri jina lake la ukoo neno kwa neno unapata “nzuri ya kutosha”, na sijui ni mwandishi gani wa riwaya angethubutu kumpa jina hilo mhusika ambaye maisha yake yote hakuridhika na alichokwisha kukipata. Alizaliwa Jena, Ujerumani, mwaka 1922, wazazi wake wakiwa Wamarekani. Utotoni kusoma kulimtesa, maana alikuwa na disleksia enzi ambazo walimu hawakuijua. Akasomea hisabati Yale, akatabiri hali ya hewa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha akaenda Chicago kusomea fizikia. Huko profesa mmoja akamwambia kuwa amechelewa: waliofanya makubwa kwenye fizikia walishayafanya kabla ya umri wake. Profesa huyo alikosea kwa miaka mingi sana, kwa sababu Goodenough alipewa Nobel ya Kemia akiwa na miaka 97. Hakuna mtu mzee kuliko yeye aliyewahi kuipata.

Kilichomwingiza kwenye nishati ni mgogoro wa mafuta wa 1973. Mwaka 1976, akiwa mwanafizikia, akaenda kuongoza maabara ya kemia Oxford. Wakati huo Stanley Whittingham alikuwa ameshatengeneza, akiwa kampuni ya Exxon, betri ya lithiamu ya kuchaji yenye volti zaidi kidogo ya 2, ambayo ncha yake chanya ilikuwa ya titani na salfa. Goodenough akawaza: ukiiondoa salfa ukaweka oksijeni, volti zitapanda. Yeye na wenzake, akiwemo Koichi Mizushima kutoka Japani, wakajaribu metali kadhaa pamoja na oksijeni, na mwaka 1980 wakatangaza matokeo. Kobalti ilitoa volti 4.

Inafanyaje kazi? Fikiria nyumba ya ghorofa. Sakafu ni matabaka ya kobalti na oksijeni, na lithiamu ni wapangaji wanaoishi katikati. Ukichaji betri, wapangaji wanahama kwenda ng'ambo ya pili, ukiitumia, wanarudi. Uzuri wa kobalti ni kwamba karibu nusu ya wapangaji wanaweza kuondoka na nyumba isitikisike. Mwaka 1991 Sony wakaiuza dunia betri ya namna hiyo, baada ya Akira Yoshino kupata ncha ya pili iliyo salama. Simu iliyo mfukoni mwako ni mjukuu wa kazi ile. Goodenough mwenyewe hakupata mrabaha wowote. Oxford hawakutaka kugharamia hataza, na haki zikaenda kwenye maabara ya serikali ya Harwell.

Sasa hebu tutoke maabara. Mei 1978, miaka miwili tu kabla ya makala ile ya Oxford, waasi waliotokea Angola waliuvamia mji wa Kolwezi, katika jimbo lililoitwa Shaba wakati huo na ambalo tunalijua zaidi kama Katanga. Wanajeshi wa Ufaransa wakadondoshwa kwa miavuli. Habari zikaenea dunia nzima, na bei ya kobalti ikapaa, kwa sababu sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilitoka huko huko. Kwa hiyo mtu akisema kuwa enzi zile haikujulikana kobalti inatoka wapi na katika hali gani, huyo anatutania. Sisemi kwamba Goodenough alikuwa akiiwaza Kolwezi. Ninachosema ni kwamba swali lilikuwa mezani kwa kila aliyesoma gazeti, ila halikuwa na safu yake kwenye jedwali la maabara. Safu zilikuwa za volti, uzito na joto.

Leo takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo. Nyingi huchimbwa na makampuni yenye mitambo mikubwa, lakini kuna sehemu inayotolewa ardhini na watu wenye sururu na magunia, wanaoitwa huko kwa Kifaransa creuseurs. Wengi wao ni wasemaji wenzetu wa Kiswahili, kile Kiswahili cha Katanga ambacho wenye kujiona wasanifu hukicheka. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, Kolwezi, ilipobainika kuwa kuna kobalti chini ya makazi, watu walianza kuchimba ndani ya nyua zao, wengine chini ya sakafu za nyumba. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Kasulo methali hiyo ni maelezo ya kazi, na aliyeagiza kisima hajawahi kufika.

Tarehe 10 Desemba 2019 Goodenough, Whittingham na Yoshino walipokea Nobel Stockholm. Walisifiwa kwa kuweka msingi wa dunia isiyotegemea mafuta. Kabla ya wiki kwisha, familia za Kongo zilifungua kesi Washington dhidi ya makampuni makubwa ya teknolojia ya Marekani, zikidai kuwa watoto wao walikufa au kulemaa kwenye mashimo ya kobalti. Mahakama iliitupa kesi, na rufaa nayo ikakataliwa mwaka 2024. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba kununua bidhaa kupitia mnyororo mrefu wa biashara si sawa na kushirikiana na anayetumikisha watu.

Hapo ndipo kemia inanipa mfano ambao falsafa haijanipa. Kuna vitu vinaitwa vichocheo. Kichocheo huharakisha mmenyuko, halafu hutoka mwisho wake kama kilivyoingia. (Kobalti yenyewe, ikiunganishwa na molibdeni, ni kichocheo cha kuondoa salfa kwenye dizeli; yaani ilianza zamani kazi hii ya kutusafishia vitu.) Nafikiri wengi wetu tungependa kuwa vichocheo. Mgunduzi, kampuni, mimi ninayechaji simu usiku: sote tunahusika, mambo yanatendeka haraka kwa sababu yetu, na tunatumaini kutoka tukiwa vilevile. Mahakama, kwa lugha yake, ilisema inawezekana.

Je, tumlaumu Goodenough? Mimi siwezi. Kumtaka mtu wa 1980 aione Kasulo ya 2014 ni kumtaka awe nabii, na hata hao manabii hawakuulizwa habari za betri. Tena yeye ndiye aliyefungua milango mingine. Mapema miaka ya 1980 yeye na Michael Thackeray walionyesha kuwa manganisi, metali ya bei nafuu, inaweza kuchukua nafasi ya kobalti. Mwaka 1997, sasa akiwa Texas na mwanafunzi wake Padhi, akaleta ncha ya chuma na fosfeti: volti kama 3.4, uzito zaidi, lakini haishiki moto kirahisi na haina hata chembe ya kobalti. Kwa hiyo Sony walipoingia sokoni, manganisi ilikuwa inajulikana. Kobalti ilichaguliwa kwa sababu tulitaka vitu vidogo vyenye nguvu nyingi. Ukiniuliza nani alichagua, nitakuonyesha kamera na simu zetu za mkononi kabla ya kukuonyesha mzee wa Oxford.

Lakini kuna jambo linalonikwaza hata nikishamwachia huru. Ile tabia yake ya kutoridhika, ambayo naihusudu kwa kweli (aliendelea kutafuta betri bora akiwa na zaidi ya miaka 90, akafa 2023 akikaribia kutimiza 101), ilielekezwa kwenye maada. Dosari ya betri ilikuwa bei, au moto, au uzito. Aliijua kobalti hadi kwenye elektroni zake. Mtu aliyeitoa ardhini hakuwa dosari ya mtu yeyote. Na chuma kilipoanza kuishinda kobalti, hakikushinda kwa huruma. Kilishinda kwa bei, China, kisha kwingineko.

Tukifurahi haraka kwamba betri za chuma zimetuosha mikono, tumtazame yule creuseur. Anayechimba kwa sababu hana kazi nyingine haokolewi na mnunuzi anayehamia chuma. Anaachwa shimoni na gunia lisilo na bei. Februari 2025 soko lilifurika kobalti, bei ikaanguka, na serikali ya Kongo ikasimamisha usafirishaji wake kwa miezi minne, ikaongeza muda, kisha ikaweka viwango vya kila mwaka. Ndiyo kusema nchi iliyoumizwa na kobalti ilikuwa inahangaika kuipandisha thamani. Wanaotuuzia magari wanasema “haina kobalti” kama vile duka la nyama linavyoandika halali, na mnunuzi anaondoka na roho yake imetulia. Deni la miaka 30 ya kobalti halijaulizwa. Sijaona pia aliyefika Kolwezi kuwauliza wachimbaji wangependa betri ijayo itengenezwe kwa nini.