Siku Zitanguliazo Kisu

Huko Ufaransa bata hushikwa shingo, akatiwa mrija kooni, akashindiliwa mahindi mara mbili kila siku, kwa muda wa siku 12 hivi, hata ini lake likavimba mara kadhaa kupita kadiri yake. Ini hilo, liitwalo foie gras, ndiyo tunu ya karamu zao. Sheria ya 2006 imelihesabu katika urithi wa utamaduni wao.

Wako wasemao: maadamu bata amechinjwa kwa Bismillahi, neno limekwisha. Sisi hatuoni hivyo. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kunoa kisu, mnyama asiteseke dakika ile moja, vipi basi siku 12 zisiulizwe? Na kuku wetu, aning'inizwaye kichwa chini baiskelini mpaka sokoni, tumemuuliza nani?