Mgeni Alipaye

Ndugu yetu mmoja wa Kenol, mji ule wa njia panda uliopata jina lake kwa kituo cha mafuta, alituletea suala katika darsa. Anayo nyumba ambayo huikodisha kwa siku kwa wasafiri wendao Murang'a, au Sagana na Nyeri. Nyumba za namna hii watu wa leo huziita Airbnb, kwa jina la kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2008, hata kama mwenye nyumba hana shughuli nayo. Walikuja wageni waliosema ni watu 4, wakalala 11. Masharti yalikuwa yamebandikwa mlangoni: hapana sigara ndani, hapana ngoma baada ya saa 4 ya usiku. Asubuhi alikuta godoro limeungua, mashuka yamefutiwa viatu, sinki limeziba kwa mafuta na mifupa. Na jirani yake, mzee mgonjwa, hakupata usingizi. Aliuliza: je, ana haki ya kuzuia pesa zote za dhamana? Na je, aweke kamera ndani kwa siri?

Twaona matata yaanzia katika neno lenyewe, mgeni. Mgeni wa asili hakulipa kitu. Amekaribishwa, na haki yake ya kukirimiwa ni siku tatu, wala si halali kwake kukaa hata amtie mwenyeji wake katika dhiki. Ama huyu wa Kenol ni mpangaji. Amenunua manfaa ya nyumba kwa usiku mmoja, kwa masharti aliyoyakubali, na hukumu yake ni hukumu ya ijara. Lakini yeye hushika pande zote mbili: ataka kuvumiliwa kama mgeni, na akiambiwa neno hujibu, "Nimelipa." Amelipa nini? Hakulipa usingizi wa mzee yule. Wala hakuulipa mgongo wa mama afuaye mashuka, ambaye ujira wake ni ule ule, nyumba ikiachwa safi au ikiachwa kama zizi.

Na mtu huyu huyu, lau angelala kwa shemeji yake, asingefuta viatu kwa shuka. Katika Sura ya Nur, baada ya watu kuamrishwa kubisha hodi, imeruhusiwa kuingia bila ya idhini nyumba zisizokaliwa na mtu ambazo ndani yake mna manfaa kwa waingiao, na wengi katika wafasiri wamesema kuwa miongoni mwa hizo ni nyumba za wasafiri. Kisha aya hiyo yaishia kwa kukumbusha kuwa Mwenyezi Mungu ayajua ya dhahiri na ya siri. Twaona ukumbusho huo umewekwa pale khasa, kwani mlangoni hapana mwenyeji wa kuonewa haya.

Sasa tumgeukie mwenye nyumba, kwani naye alikuja na hasira. Mafakihi wasema mkono wa mpangaji ni mkono wa amana: halipi kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida, hulipa alichokiharibu kwa kuvuka mpaka au kwa uzembe. Basi na akate thamani ya godoro kama lilivyokuwa siku ile, nalo lilikuwa kuukuu kwa kauli yake mwenyewe, si bei ya godoro jipya la dukani. Akate ujira wa fundi wa sinki, na ziada ya yule mama, nayo iingie mkononi mwake mama. Kinachobaki akirudishe. Alitwambia, "Na wao wamenila." Hiyo si hoja.

Ama kamera ya siri, hapana. Kupeleleza kumekatazwa waziwazi katika Sura ya Hujurat, na chumba cha kulala ndicho mahali pa mwisho pa kufanyiwa hivyo. Hata kampuni hiyo ya Marekani ilikataza mwaka 2024 kamera zote za ndani, ziwe za siri au za dhahiri. Akitaka na aiweke langoni, awaambie watu kabla hawajalipa.

Tulimuuliza kama usiku ule aliisikia ngoma. Akasema aliisikia tangu saa 5, akatoka hata mlangoni, akaona haya kubisha, akarudi kulala. "Nilisema moyoni, wamekwisha kulipa." Basi neno lile lilikuwa limemnasa na yeye pia. Tumemwambia ahesabu upya, na mama yule awepo wakati wa kuhesabu.