Hesabu za Taifa na Dhamiri ya Mtu

Wataalamu wa uchumi hutunga mifano ya hesabu ili waione nchi nzima kwa pamoja: mazao yauzwayo, fedha zizungukazo, bei zipandazo. Kazi hiyo ni ya lazima, kwani serikali haiwezi kupanga mambo ya mamilioni kwa kubisha hodi kila nyumba. Lakini twajiuliza: ndani ya hesabu hizo, mtu yuko wapi?

Mwaka 1976 Robert Lucas, mtaalamu wa Marekani, alieleza kasoro ya mifano ya wakati wake. Mifano hiyo ilichukua mazoea ya watu ya jana ikayafanya kanuni ya kesho. Kumbe watu nao hutazama na kupima. Serikali ibadilipo sera, nao hubadili mwendo wao, na hesabu ya zamani hupotoka.

Sisi Watanzania tumeliona jambo hilo kwa macho. Tangu mwaka 1973 Tume ya Bei ilipanga bei za bidhaa nyingi, kwa nia njema ya kumlinda mnyonge. Bidhaa zilipoadimika, nyingi zilikimbilia kwa walanguzi. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu wengi walikamatwa, na baadhi ya wenye maduka, kwa hofu, wakaficha zaidi. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, rafu zikaanza kujaa. Watu walikuwa wale wale. Kilichogeuka ni kanuni.

Je, mlanguzi hana lawama basi? La hasha! Aliyeficha sukari huku mtoto wa jirani akinywa uji wa chumvi alijua alitendalo. Kanuni mbaya yaeleza kwa nini wengi walipotoka. Haimtakasi hata mmoja wao. Mazingira yale yale yalikuwa na mtu aliyegawa kidogo alichokuwa nacho.

Kwa hiyo mpangaji ana wajibu wa kumhesabu mwananchi kuwa kiumbe mwenye akili, atakayeijibu kila amri kwa njia yake. Nasi wananchi, kila tununuapo na tuuzapo, tuna wajibu wa kujiuliza: wote wakitenda hivi, nchi itakuwaje? Bandu bandu huisha gogo, na kila shoka lina mwenye kulishika.