Kinu Chenye Ufa Kisiuzwe

Masomo: Isaya 44:13-17, Walawi 15:12, Mathayo 5:23-24



Tunao katika parokia zetu ndugu wengi wanaoshika tezo. Wanachonga vinu na michi, mabakuli, miiko ya ugali, viti vya kukalia jikoni. Juu yao kumekuwa na maneno mawili, nasi tunataka kuyasema yote mawili waziwazi.

Neno la kwanza ni la wale wanaouliza kama inafaa mwamini kuchonga. Wanasema: Papa Simon Kimbangu, alipoanza kazi yake tarehe 6 Aprili 1921 huko N'kamba, aliwaambia watu waache hirizi na sanamu za uganga, nao wakazitupa, basi mkono uliozoea kuchonga sanamu utachongaje bakuli la kulia? Ni kweli, babu zetu na majirani zao walichonga sanamu za wazee waliokufa. Leo nyingine zimesimama ndani ya vioo huko Tervuren, Ubelgiji, na hapo hakuna anayeziomba kitu. Lakini someni Isaya vizuri. Nabii hakumlaumu fundi kwa kuota moto wala kwa kuoka mkate kwa nusu ya mti ule. Alimlaumu kwa kuinamia nusu ya pili. Tezo haina dhambi. Bwana Yesu mwenyewe watu wa kwao walimwita seremala. Neno hilo limekwisha.

Neno la pili ni zito. Ni habari ya ufa.

Mti uliokatwa leo umejaa maji. Ndiyo sababu fundi huuchonga ukingali mbichi: tezo inaingia kama kisu katika muhogo. Lakini maji yale lazima yatoke, na yakitoka mti hupungua, wala haupungui sawasawa. Kwa urefu wake karibu haupungui kitu. Kuzunguka pete zake hupungua kama mara mbili ya vile unavyopungua kutoka moyoni kwenda kwenye ganda. Kwa hiyo bakuli lililochongwa duara hugeuka kuwa na umbo la yai. Hilo ni jambo dogo, ugali haulikatai. Ubaya ni mti kupasuka, na mara nyingi mpasuko huanzia kwenye moyo wake. Kwa bakuli, fundi hupasua gogo katikati na kuutoa moyo. Kinu hakiwezi hivyo, maana kinasimama juu ya moyo wake: ukichimba tumbo unautoa juu, lakini kitakoni unabaki. Basi kinu kinataka uvumilivu. Ukuta uwe na unene mmoja pande zote, kwa kuwa palipo pembamba hukauka kwanza na kuvuta palipo panene. Kitako kipakwe mafuta ya mawese. Kifunikwe kwa vibanzi vyake, kikae kivulini mbali na upepo, majuma mengi, na kikiwa kikubwa ni miezi.

Nani leo anangoja miezi? Kinu kinachongwa Jumatatu, kinaanikwa juani Jumanne, kinapasuka. Halafu ndugu yetu anachukua gundi ya mti, anaichanganya na unga wa mbao, anaziba, anapaka masizi na mafuta, kinang'aa. Anakifunga juu ya kinga na kukipeleka mbali, hata Salamabila, ambako dhahabu imekusanya watu wasiomjua naye hawajui. Anauza. Nani atarudi kumlalamikia?

Tulimwona mama mmoja mjane aliyekuwa akitwangia watu mpunga kwa malipo. Kinu chake kilifunguka siku ya nne, na mpunga wa watu ukaingia uchafu. Akaulipa. Fundi alikwisha kula fedha ile, na sehemu yake, tunaogopa kusema, ilitolewa kwa nsinsani mbele ya kanisa, watu wakapiga makofi.

Angalieni Walawi. Chombo cha udongo kilichotiwa unajisi kilivunjwa, bali chombo cha mti kiliogeshwa kwa maji, kikatumika tena. Sheria iliutegemea mti kwa sababu unaoshwa. Lakini ufa uliozibwa hauoshwi. Sombe ya jana imelala ndani yake, inachacha, na watoto wanaila kesho.

Katika Kanisa letu tunataja Upendo, Amri na Kazi. Wengine wanadhani Kazi ni kuchoka tu. Papa Simon Kimbangu alihubiri waziwazi miezi mitano na siku chache, toka Aprili hadi alipokamatwa Septemba 1921. Kifungo chake kilikuwa miaka 30, hadi kufa kwake Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Waamini walihamishwa makwao, wengine wakafikishwa Lowa, huku chini kwenye mto wetu Lualaba. Kanisa lilitambuliwa na serikali tarehe 24 Desemba 1959 tu. Sisi tuliozaliwa katika kungoja kule, kinu kimoja kinatushinda kukingoja?

Nanyi wanunuzi, msijifiche. Mnamwagiza fundi leo, kesho mnamsumbua mlangoni, na bei mnaivuta chini hata haitoshi chumvi ya nyumba yake. Mwenye kutaka kinu kizima atoe nusu ya fedha mwanzoni, kisha amwache fundi akikaushe.

Tarehe 12 Oktoba inakaribia. Kila mchongaji aliyeuza kinu kilichozibwa amtafute aliyekinunua kabla ya siku hiyo, asingoje kuitwa na wazee, arudishe fedha au achonge kingine. Sadaka yake tutaipokea akisharudi.