Jumanne: Neva Inayoitafuta Ngozi

Soma Zaburi 139:13–16 na Ayubu 10:8–12. Waandishi hawa wanaelezaje jinsi mwili ulivyofanyika tumboni?

Daudi hakuwa na hadubini, wala tusiigeuze zaburi yake kuwa kitabu cha baiolojia. Lakini anasema kwamba Mungu alikuwa akifanya kazi mahali ambapo hakuna jicho lililoona, na kwa habari ya ngozi hilo linastahili kutazamwa kwa makini.

Nyuzi za neva zinazotuwezesha kuhisi mguso hazianzii kwenye ngozi. Huchipuka kutoka mafungu ya seli yaliyo kando ya uti wa mgongo na ubongo, kisha hurefuka gizani kuelekea midomoni, viganjani na nyayoni. Kufikia juma la nane hivi la ujauzito, kijusi kikiguswa karibu na mdomo hugeuza kichwa. Huo ni mwitikio tu. Njia ya kupeleka habari hadi ubongoni bado haijakamilika.

Rita Levi-Montalcini, mwanasayansi Myahudi wa Italia aliyezuiwa kufanya kazi chuoni kwa sheria za ubaguzi za mwaka 1938, alichunguza neva za vifaranga ndani ya mayai, chumbani mwake. Baadaye yeye na Stanley Cohen walitambua protini inayozitunza neva changa, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Ngozi yenyewe huitoa protini hiyo. Neva nyingi huanza safari. Zinazoifikia ngozi na kupokea riziki hiyo huishi, nyingine hufa.

Soma Marko 1:40–42. Kwa nini Yesu alimgusa mtu huyu?

Ukoma tunaoujua leo huharibu neva hizohizo, hata mkono huungua mtu asijue. Ukoma wa Biblia huenda ulijumuisha magonjwa mengine ya ngozi, lakini hukumu ilikuwa moja: kukaa peke yake, nje ya kambi (Walawi 13:45, 46). Yesu angeweza kumtakasa kwa neno tu, kama alivyowafanyia wale kumi (Luka 17:12–14). Huyu alimgusa angali najisi.

Yupo mjane kwenye benchi la nyuma ambaye, tangu mazishi, hashikwi mkono na mtu ila siku ya Sabato, mlangoni. Nasi mara nyingi tunamshika huku macho yakiwa kwa anayefuata.

Ni nani katika darasa lenu ambaye hajaguswa na mtu juma hili? Nani atakwenda kwake kabla ya Sabato?