Je, Nafsi ni Yangu Peke Yangu?

Katika jimbo la California, Marekani, liko jangwa liitwalo Death Valley, yaani Bonde la Mauti. Mahali pake pa chini kabisa, paitwapo Badwater, pako mita 86 chini ya usawa wa bahari. Tarehe 10 Julai 1913 joto la hewa lilipimwa bondeni humo likafika nyuzi 56.7 za Sentigredi, na hesabu hiyo ndiyo inayotambuliwa rasmi hata leo kuwa kubwa kuliko zote duniani. Kila mwaka, majira ya joto yanapokuwa makali, watu husafiri kwenda huko, si kwa kuwa hawakuisikia habari hiyo, bali kwa kuwa wameisikia. Husimama mbele ya kipimajoto kilichoko Furnace Creek, wakapigwa picha pamoja na hesabu yake, wakaenda zao.

Wakionywa, baadhi yao hujibu: "Nafsi ni yangu, na hatari ni yangu." Jawabu hili lina sura ya haki, wala halifai kutupwa bila ya kuchunguzwa. Lau watu wasingalikubali hatari, pasingalikuwa na baharia, wala mchimba visima, wala tabibu wa maradhi ya kuambukiza. Basi hatusemi kwamba hatari yenyewe ni kosa. Twauliza tu: je, ni kweli kwamba hatari hii ni ya mtu mmoja?

Na tulitazame jambo lililotokea tarehe 20 Julai 2024. Mgeni mmoja kutoka Ulaya alitembea juu ya vilima vya mchanga vya Mesquite Flat, akapotewa na ndara zake, na mchanga ukamwunguza nyayo vibaya mno. Hewa ilikuwa na joto la kama nyuzi 50. Na ardhi huwa kali kuliko hewa, kwani mwaka 1972 ardhi ya Furnace Creek ilipimwa ikafika karibu nyuzi 94. Wageni wengine wakambeba mpaka penye magari. Helikopta ya wagonjwa haikuweza kumfuata, kwa sababu hewa ikipata joto kali huwa nyepesi, na panga za chombo hicho hazipati cha kuegemea. Ikabidi achukuliwe kwa gari mpaka mahali pa juu penye nafuu ya joto, ndipo chombo kiweze kutua.

Hatumtaji kwa kumlaumu. Lililompata laweza kumpata yeyote. Twamtaja kwa ajili ya wale waliombeba. Wao walikuja kutazama, wakajikuta wamechukua uzito wa mtu katika jua lile lile. Nyuma yao yuko dereva, yuko rubani, yuko tabibu. Mwenye kusema "hatari ni yangu" hasemi, anapoanguka, "Niacheni." Huita, na ana haki ya kuitikiwa, kwani rehema haimwulizi mgonjwa kwanza kama alikuwa na busara. Lakini kwa kuwa haki hiyo haiondoki kwa upumbavu wetu, wajibu hututangulia: tusiutumie wema wa watu kana kwamba ni akiba yetu wenyewe.

Watu wa Timbisha Shoshone, ambao bonde hili ni kwao tangu kale, desturi yao ilikuwa kupanda milimani wakati wa joto na kurejea bondeni wakati wa baridi. Hao hawakuwa waoga. Waliijua nchi yao, na kuijua ndiko kulikowafundisha kuondoka. Ni ajabu basi kwamba mwenye nyumba alikuwa akihama kwa joto, na mgeni ndipo anapobisha hodi.

Hatusemi bonde hilo lisitazamwe. Lina miezi yake ya baridi; na kwa wanaokuja majira ya joto, walinzi wa hifadhi huwasihi wasitembee kwa miguu nyanda za chini baada ya saa nne asubuhi. Baharia hurudi na samaki, na tabibu hurudisha uzima. Mwenye picha ya kipimajoto hurudi na nini kilicho sawa na taabu ya mwenziwe?

Basi mwenye kukusudia safari hiyo asijiulize tu, "Je, nitastahimili?" Na ajiulize, "Nikishindwa, ni nani atakayenijia, na itamgharimu nini?" Akikosa jawabu la kumridhisha, na angoje baridi.