Mwalimu Asiyesoma na Mzazi Asiyesoma

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukirimu kwa akili na kalamu, na tunamuombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, hakuna asiyejua kwamba wahyi wa kwanza, ulioteremka katika pango la Hira mwaka 610, ulianza kwa amri ya kusoma, na kwamba kalamu imetajwa katika aya zile tano za mwanzo. Amri ile haikuwekewa mpaka wa umri wala haikuelekezwa kwa watoto peke yao. Mbona basi katika miji yetu kusoma kumefanywa kazi ya watoto, na mtu akisha kuota ndevu huhisabiwa kuwa amekwisha kusoma?

Tazameni tunavyolitumia neno kuhitimu. Mtoto akimaliza juzuu thelathini hufanyiwa karamu, mwalimu akapewa zawadi, kisha msahafu ukafunikwa kitambaa na kuwekwa juu ya kabati mpaka siku ya msiba. Kufurahi kwa ajili ya mtoto si kubaya. Kubaya ni kuifanya furaha hiyo kuwa mazishi ya kusoma. Mtoto amejua kutamka herufi. Maana yake bado hajaionja. Aliyefundishwa kushika jembe hajalima bado hata tuta moja.

Tuanze na mwalimu. Wako walimu wanaofundisha leo yale yale waliyoyasikia walipokuwa vijana, pasina kufungua kitabu tangu siku ile. Mwanafunzi akiuliza sababu ya hukumu fulani, hujibiwa kwa bakora au kwa kuambiwa asiulize. Ukali wa namna hii mara nyingi ni pazia la kutokujua. Na mtoto wa leo hanyamazi kwa kunyamazishwa: hutoka chuoni akaiuliza simu, nayo humjibu kwa sauti elfu, njema na mbovu, wala hana mizani ya kuzipimia. Mizani hiyo ndiyo aliyoijia kwa mwalimu, naye akarudi mikono mitupu. Lakini insafu yatulazimisha kusema pia kwamba mwalimu anayelipwa ujira usiomtosha chakula hana senti ya kununulia kitabu. Jamaa wanaomtaka asome na wamwezeshe kusoma.

Ama mzazi, yeye humwambia mwanawe, "Nenda kasome," kisha akaenda zake barazani mpaka usiku mwingi. Hulipa karo, na kwa kulipa huko akadhani ameshatimiza amana. Mtoto husikia kwa masikio lakini huiga kwa macho. Akiwa hajapata kumuona baba yake ameshika kitabu, ataamini kwamba kusoma ni adhabu ya utoto, na atangojea kwa hamu siku ya kuokoka nayo.

Wala wasidhani wanaume kwamba maneno haya hayamhusu mama. Bibi Shifaa binti Abdillahi alikuwa akijua kuandika katika zama za Mtume, naye ndiye aliyemfundisha Bibi Hafsa. Na ni kwa Bibi Hafsa huyo zilipokuja kuwekwa kurasa za Qur'ani zilizokusanywa katika ukhalifa wa Abubakar. Anayemzuia binti yake kusoma amemfuata nani?

Huenda mtu akasema, "Mtume mwenyewe hakuwa akisoma." Ni kweli, na hiyo ilikuwa ni hoja ya utume wake, si ruhusa ya ujinga wetu. Baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra, mateka wasiokuwa na mali waliokuwa wakijua kuandika walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Madina, kila mmoja watoto kumi. Waislamu walikuwa wahitaji wa fedha na silaha siku zile, na juu ya hayo kalamu ilikubaliwa kuwa fidia.

Na mwengine atasema kwamba hajui Kiarabu. Udhuru huu ulikwisha kuondolewa zamani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti lake la Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, ili watu wasome kwa Kiswahili. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyekuwa mwalimu wa skuli Unguja, aliikamilisha tafsiri yake ya Qur'ani ikapigwa chapa mwaka 1969. Kazi ya ualimu haikumzuia kusoma. Bali kusoma ndiko kulikomfanya mwalimu.

Basi tufanye nini? Baina ya Magharibi na Isha upo wakati usiokuwa na kazi katika nyumba nyingi. Na isomwe kurasa moja, kwa sauti, mbele ya watoto, kisha maana yake izungumzwe. Kurasa moja kila siku ni kurasa 365 kwa mwaka. Mzee asiyejua herufi na asomewe na mwanawe. Si aibu kusomewa, aibu ni kuridhika na giza. Na mwalimu akiulizwa asilolijua, na aseme, "Sijui, nitatazama," kisha kesho aje na jawabu. Siku hiyo mwanafunzi atakuwa amefundishwa mambo mawili: lile alilouliza, na njia ya kulitafuta.

Watoto hawa ni amana, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie tuwe wa kwanza kuyatenda tunayowaamrisha watoto wetu. Amin.